Fizikia ya Kujisomea: Kililana, Swali ni Maabara

Kijana wa Kililana anayeziona kreni za Bandari ya Lamu hahitaji kuambiwa fizikia ina faida gani. Tangu gati la kwanza lifunguliwe Mei 2021, lenye urefu wa mita 400, uhandisi umekuwa kazi ya jirani. Lakini wengi waliliacha somo hilo walipoingia kidato cha tatu, na sasa wanataka kulisoma wenyewe nyumbani, kisha wafanye KCSE kama watahiniwa wa kibinafsi. Naamini inawezekana. Ila anayepima uamuzi huu kwa wingi wa vitabu alivyo navyo anapima kitu sicho.

Mtihani wa fizikia una karatasi tatu. Mbili za kwanza ni za nadharia, alama 80 kila moja, na hizo mtu mwenye bidii na hesabu nzuri anaweza kuzikabili kwa kitabu na karatasi za miaka iliyopita. Ya tatu, yenye alama 40, ni ya vitendo: unawekewa vifaa mezani, upime, uchore grafu, ueleze. Hapo ndipo anayejisomea hukwama. Chukua jaribio dogo la jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita moja. Likibembea kwenda na kurudi huchukua takriban sekunde mbili. Ukipima mara moja tu, ucheleweshaji wa kidole wa sehemu mbili za kumi za sekunde unaharibu jibu kwa asilimia kumi. Ukipima mibembeo ishirini kwa mfululizo kisha ukagawanya, kosa lile lile linashuka hadi nusu asilimia. Kanuni hii kitabuni ni sentensi moja, lakini haikai mkononi mpaka uzi uwe umeupima mwenyewe.

Wapo watakaosema video za intaneti zinatosha. Zinasaidia sana, hasa kuelewa mawimbi na umeme, lakini video haikusahihishi ukiunga voltimita mahali pa amita. Wapo pia wanaosema kijana asiye na maabara aachane na jambo hili. Hilo nalikataa kabisa: uzi, mawe, lenzi, betri na nyaya hupatikana, na mengi ya kidato cha kwanza na cha pili hujaribiwa uani. Visivyopatikana nyumbani ni vifaa vya umeme vya kupimia na jicho la mwalimu.

Kwa hiyo, kabla kijana hajalipa ada ya usajili, aende shule yenye maabara, iwe Hindi, Mokowe au Lamu mjini, aulize kama itampokea kwa fizikia ikiwa kituo chake cha mtihani na kama mwalimu atamruhusu kushika vifaa wakati wa likizo. Akikubaliwa, aanze mara moja, na hesabu aziweke mbele. Akikataliwa kote, kozi ya umeme au mitambo katika chuo cha ufundi ni njia ya heshima, na karakana yake ina vifaa vile vile alivyovikosa.