Karani wa Tanga na Tanzu za Kiswahili

Katika fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 ni vigumu kumtaja mtu aliyepita katika tanzu nyingi, yaani aina nyingi za maandishi, kama Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki dunia mwaka 1962. Alitunga mashairi na tenzi, akaandika riwaya, insha, wasifu na tawasifu, akatafsiri, na yote hayo aliyafanya huku akiishi kwa mshahara wa ukarani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikoanzia idara ya forodha. Wingi huo haukuwa wa kutangatanga, bali ulitokana na mapenzi ya Kiswahili yaliyomfanya aamini kwamba hakuna kazi ya kalamu ambayo lugha hiyo haiwezi kuibeba.

Mapenzi hayo yanaonekana wazi zaidi katika tenzi zake. Ubeti wa utenzi kwa kawaida una vipande vinne vyenye mizani 8 kila kimoja, mizani zikiwa ni idadi ya silabi. Vipande vitatu vya mwanzo hukubaliana kwa kina, yaani silabi ya mwisho, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka utenzi uishe. Kwa hiyo mtunzi wa utenzi mrefu hana budi kupata neno la kufungia kila ubeti kwa silabi ileile, bila kuipotosha maana, jambo lisilowezekana kwa mwenye msamiati haba. Shaaban Robert alilitumia umbo hilo kumwusia binti yake katika Utenzi wa Hati, kisha akalitumia kusimulia Vita vya Pili vya Dunia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, na ubeti uleule mfupi ukatosha kwa wosia wa mzazi na kwa mapigano ya mataifa.

Katika nathari, yaani maandishi yasiyofungwa na vina wala mizani, kitabu kinachosomwa sana ni Kusadikika cha mwaka 1951, kinachohusu nchi iliyo angani ambako Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Mshtakiwa huyo hana jeshi wala cheo, ila anasimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali na kuadhibiwa waliporudi na mawazo mapya, na hoja hizo ndizo zinazomwokoa. Mtu aliyeyapenda maneno maisha yake yote hakuweza kumpa shujaa wake silaha nyingine.

Umaarufu wa riwaya hiyo, hata hivyo, umeufunika bila haki Wasifu wa Siti Binti Saad. Wasifu ni masimulizi ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine, na hapa aliyechaguliwa hakuwa sultani wala shujaa wa vita, bali mwanamke wa Unguja aliyetoka katika uuzaji wa vyungu akawa mwimbaji mashuhuri wa taarabu. Uamuzi wa kumpa mwanamke huyo heshima ya kitabu kizima, katika zama zile, unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mambo makubwa aliyoyafanya mwandishi huyu.

Kuandika kulikuwa upande mmoja wa kazi, na kuchapisha upande mwingine mgumu zaidi. Pambo la Lugha na Kielezo cha Insha vilichapwa na chuo kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, ilhali Utenzi wa Vita vya Uhuru na riwaya ya Kufikirika vilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968, wakati mtunzi mwenyewe amekwisha kuzikwa.