Uzio wa Nyuki na Picha ya Fundo

Haya wanangu, sogeeni. Nasikia mwalimu amewapa kazi: darasa zima litengeneze mwongozo wa mtandaoni wenye picha, wa kumfundisha mtu jambo hatua kwa hatua. Kabla hamjaanza kupiga picha, niwasimulie habari ya tembo, nyuki na mwongozo uliotokana na kazi ya Sagalla, mlima ule mnaouona kusini mwa Voi.

Mashamba ya chini ya Sagalla yamepakana na makao ya tembo wa Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mahindi yakikomaa na pojo zikikaribia kuvunwa, tembo huja usiku. Kundi moja tu likiingia, jasho la msimu mzima limekwisha kabla jogoo hajawika. Watu hupiga madebe, huwasha mioto, hukesha. Tembo ni werevu, huzoea.

Lakini tembo, pamoja na ngozi yake nene, ana sehemu laini: kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Nyuki wanazijua. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya kaskazini mwa Kenya: waliwasikizisha tembo sauti ya nyuki waliochokozwa, na wengi wakaondoka upesi. Hapo ndipo lilipokua wazo la uzio wa mizinga, na Sagalla ikawa shamba lake kubwa la majaribio.

Uzio wenyewe ni hivi. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba, na kati ya nguzo na nguzo huning'inizwa mzinga, kisha kipande cha mbao kilicho mfano wa mzinga, kisha mzinga wa kweli tena. Ekari moja huhitaji mizinga 12 na ya bandia 12. Waya huiunganisha yote. Tembo akiusukuma gizani, mizinga huyumba, nyuki hutoka kwa hasira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, baada ya miaka 9 ya kufuatilia mashamba 26, ulionyesha kwamba mazao yanaponoga, uzio huo uliweza kuwazuia hadi asilimia 86 ya tembo waliokaribia. Na mkulima anapata asali juu yake.

Shirika la Save the Elephants liliandika mwongozo wenye picha wa kujenga uzio huo, likauweka mtandaoni bure. Leo uzio wa aina hii umejengwa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika na Asia.

Sasa tazameni fundo. Waya wa kuunganisha hufungwa kwenye waya unaouning'iniza mzinga. Mtu akiufunga kwenye nguzo, tembo akisukuma ni nguzo inayopokea nguvu zote. Mzinga umetulia, nyuki wamelala, mahindi yanaliwa. Na ukisimama mbali, nyuzio hizo mbili huwezi kuzitofautisha! Picha ya shamba zima na mlima nyuma yake inapendeza, nami naipenda, ila haimfundishi mtu kitu. Inayookoa mahindi ni ile ya fundo.

Kwa hiyo, mkichagua uzio huu uwe mwongozo wenu, msiogope kutumia nusu ya muda wenu kwenye fundo. Onyesheni waya ukipitishwa, ukizungushwa, ukikazwa. Kisha wekeni picha ya fundo lililokosewa, lenye alama nyekundu ya kosa, maana watu wengi hujifunza haraka wakiliona kosa lenyewe. Mpiga picha asimame nyuma ya bega la mkulima, ili msomaji aione mikono ile kama yake. Pigeni asubuhi, jua la saa sita la Voi hutia vivuli vyeusi. Na kwa vile waya mwembamba hupotea kwenye vichaka, mmoja wenu ashike kipande cha katoni nyuma ya waya huo.

Tumieni mzinga mtupu. Nyuki wetu ni wakali, na mizinga yenye nyuki ni kazi ya mkulima mwenye mavazi na moshi. Mwombeni pia ruhusa kabla ya kuweka sura yake mtandaoni, wala msichukue picha za wengine bila idhini.

Chini ya kila picha andikeni sentensi moja inayoanza kwa kitendo: Pitisha. Kaza. Sukuma waya uone kama mzinga unayumba. Punguzeni ukubwa wa picha, kwani mkulima atazifungua kwa simu ndogo na bando dogo.

Mkimaliza, mpeni mwongozo mwanafunzi wa darasa jingine, pamoja na kamba, maboksi mawili na madawati ya kuyaning'iniza. Nyamazeni kabisa anapojaribu kuufuata. Pale atakapoinua macho kuwatazama, picha imekosekana hapo. Nendeni mkaipige.

Kuna ukurasa mmoja ambao wengi huusahau: mizinga ikibaki mitupu. Ukame ukikaza Taita Taveta, maua hukosekana na nyuki huhama, na uzio usio na nyuki hauna makali. Muulizeni mkulima anafanya nini wakati huo: maji anayaweka wapi, kivuli anakitengeneza vipi, mzinga anausafisha lini. Andikeni majibu yake na tarehe ya siku hiyo. Mvua za Novemba zikinyesha, rudini kwake na kamera, maana huenda mengine yatakuwa yamebadilika.