Ramani za Matumbawe Kutoka Angani

Kwa vizazi vingi wavuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wameitambua miamba ya matumbawe kwa kuitazama rangi ya maji. Penye mchanga na kina kidogo maji huwa ya kijani kilichopauka. Penye majani ya bahari au matumbawe huonekana weusi. Na pale mwamba unapokoma na kilindi kuanza, buluu huiva ghafula. Setilaiti zinazotumika kuchora ramani za miamba hiyo hufuata kanuni ile ile, ila hutazama kutoka kimo cha mamia ya kilomita na kuipima kila rangi kwa tarakimu. Lakini mvuvi akiingiwa na shaka huweza kuzamia akahakikisha. Setilaiti haiwezi, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii.

Setilaiti ya kwanza ya jamii ya Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai, 1972, nayo ilikusudiwa hasa kuchunguza nchi kavu: mashamba, misitu na madini. Picha yake ilijengwa kwa miraba yenye upana wa mita 80 hivi, na chochote kilichokuwa kidogo kuliko hapo kilimezwa na jirani zake. Hata hivyo ilibainika mapema kwamba sehemu za bahari zenye kina kidogo nazo zilionekana. Mwaka 1975 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilishirikiana na Jacques Cousteau kufanya majaribio katika visiwa vya Bahamas. Wazamiaji wa meli yake, Calypso, walipima mwanga chini ya maji wakati setilaiti ikipita juu yao, na matokeo yalionyesha kwamba katika maji maangavu kina huweza kukadiriwa hadi kufikia mita 22. Landsat ya nne, iliyorushwa mwaka 1982, ilileta miraba ya mita 30 pamoja na uwezo wa kupima mwanga wa buluu, ambao zile za mwanzo hazikuupima.

Umuhimu wa buluu unatokana na tabia ya maji yenyewe. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na maji hayazipitishi zote sawasawa. Nyekundu hunyonywa katika mita chache za juu; kijani huenda mbali zaidi; buluu hupenya kuliko zote. Kwa sababu hiyo kitu kimoja hubadilika sura kadiri kinavyozama. Mchanga mweupe ulio chini ya mita 2 za maji hung'aa, lakini mchanga huo huo ukiwa chini ya mita 15 huweza kudhaniwa kuwa majani ya bahari. Mwaka 1978 mtaalamu wa Kimarekani, David Lyzenga, alieleza njia ya hesabu ya kupunguza tatizo hilo. Kwanza huchaguliwa mahali panapojulikana kuwa ni mchanga mtupu katika vina mbalimbali. Kisha hulinganishwa jinsi rangi mbili zinavyofifia hapo kadiri kina kinavyoongezeka. Uwiano ukishajulikana, athari ya kina huondolewa katika picha nzima, na kinachobaki huhusu zaidi sakafu ya bahari. Njia hiyo, pamoja na marekebisho mengi, bado inatumika.

Katika pwani yetu hesabu peke yake haitoshi. Tofauti ya maji kujaa na kukupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, hivi kwamba picha mbili za mwamba mmoja, moja ya bamvua na nyingine ya maji mafu, huweza kuonekana kama za mahali pawili tofauti. Wakati wa masika mawingu huziba. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, mawimbi hurudisha mng'ao wa jua na kuficha kilichomo chini. Isitoshe, mto Rufiji humwaga matope katika mlango wa bahari ulio kati ya bara na kisiwa cha Mafia, na penye matope jicho la setilaiti halina faida kubwa.

Kikwazo kigumu zaidi, hata hivyo, kimo katika maji maangavu kabisa. Matumbawe hai hupata rangi yake ya hudhurungi kutokana na mwani mdogo mno unaoishi ndani yake. Matumbawe yakifa, huchukua muda mfupi tu kufunikwa na mwani, ambao nao una rangi inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakapauka na kufa, yakiwemo ya mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia. Weupe wa kupauka hudumu majuma machache tu. Picha ikikosekana katika muda huo, ile inayofuata huonyesha mwamba wenye umbo lile lile na rangi inayofanana na ya awali. Ramani ya miamba ya dunia nzima iitwayo Allen Coral Atlas, iliyokamilika mwaka 2021 kwa kutumia picha zenye miraba ya mita 4 hivi, inalikiri jambo hili waziwazi: matumbawe na mwani vimewekwa katika kundi moja.

Kwa Mafia jambo hili si la kitaaluma tu. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa huko mwaka 1995, ya kwanza nchini Tanzania, imegawanywa katika kanda, na katika kanda ya kiini uvuvi hauruhusiwi kabisa. Mstari wa mpaka ukipitishwa kwa kufuata ramani isiyohakikiwa, wavuvi huweza kunyimwa eneo la majani ya bahari wanakotega tasi, huku mwamba wenye uhai ukibaki nje na kuvuliwa kwa baruti. Ramani iliyo sahihi kwa asilimia 80 ina mraba mmoja wa makosa katika kila mitano, na inafaa wanaoitumia waambiwe hivyo kabla ya kuonyeshwa rangi zake nzuri.

Kwa hiyo wazamiaji bado wanahitajika. Hupelekwa kwa mashua hadi sehemu zilizochaguliwa katika picha, huandika wanachokiona, na kumbukumbu zao hugawanywa: sehemu hutumika kuifundisha kompyuta, na nyingine huwekwa kando kwa ajili ya kuijaribu. Sehemu hizo mbili zikichanganywa, kompyuta husahihishiwa mtihani ambao majibu yake imekwisha kupewa.

Tangu mwaka 2008 picha zote za Landsat zilizohifadhiwa hutolewa bure, na mtafiti huweza kuona jinsi mafungu ya mchanga yalivyohama tangu miaka ya 1980. Kuhusu uhai wa matumbawe ya wakati huo, kumbukumbu za wazamiaji ni chache, na picha haziwezi kujibu. Swali hilo huulizwa kwa wazee waliovua huko wakati ule, nao hujibu kwa kutaja samaki waliokuwa wakiwapata kwenye kila mwamba.