Doa jeupe mdomoni: Usilidharau eti kwa kuwa haliumi

Wengi wetu tukipiga mswaki huangalia meno tu. Ni wachache wanaoinua ulimi au kuvuta shavu na kutazama ndani. Huko ndiko saratani ya kinywa huanzia, na mara nyingi huanza bila maumivu.

Zipo dalili tatu za kutangulia. Ya kwanza ni doa jeupe lisilotoka hata ukilifuta kwa kitambaa. Ya pili ni doa jekundu, laini kama mahameli. Hili ni adimu lakini la hatari zaidi. Mengi yakipimwa hukutwa seli zimekwisha haribika au ni saratani tayari. Ya tatu ni mashavu kukakamaa: pilipili huunguza kupita kawaida, na mdomo hushindwa kufunguka vizuri. Hii huwapata watafunaji wa popoo.

Hapa Pwani na Visiwani tambuu ni jambo la heshima. Lakini tazama kilichomo: popoo, chokaa na mara nyingine tumbaku. Mwaka 2003 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka popoo yenyewe, hata isiyochanganywa na tumbaku, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sigara na pombe nazo zimo.

Je, kila doa hugeuka saratani? La, mengi hayafiki huko. Tatizo ni kwamba daktari hawezi kujua kwa macho tu. Ndiyo maana hukupiga ganzi, akakata kinyama kidogo na kukipeleka maabara. Kwa darubini huonekana kama seli zimeanza kubadilika na kwa kiasi gani. Zikiwa zimevunja tabaka lao na kuingia ndani, hiyo ni saratani.

Wapo wanaokimbia kipimo hiki wakisema kisu huamsha ugonjwa. Ndugu yangu, kinachoua ni kuchelewa. Hata majibu yakiwa mazuri, rudi uangaliwe tena kama ulivyopangiwa.

Jitazame kwenye kioo mara moja kwa mwezi. Doa au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, kipeleke kwa daktari wa meno. Na acha popoo, ugoro na sigara leo: madoa meupe mengine hupungua, bali shavu lililokwisha kakamaa kwa kawaida halirudi kama zamani.