Dawa ya Ukoma na Ngozi Inayobadilika: Tuelewe, Tusiwatenge

Jumapili ya mwisho ya Januari huadhimishwa Siku ya Ukoma Duniani, iliyoanzishwa mwaka 1954 na Raoul Follereau, Mkatoliki wa Ufaransa. Kwetu Masasi na Newala jambo hili si geni. Ndanda, walikofika Wamisionari Wabenediktini mwaka 1906, na Mwena iliyo jirani, ni majina yanayojulikana katika historia ya kuwahudumia wenye ukoma.

Ukoma unatibika. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mseto za rifampisini, dapsoni na klofazimini. Matibabu huchukua miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na dawa hutolewa bure. Hata hivyo, wapo wanaoziacha njiani kwa kuogopa wanayoyaona katika ngozi zao. Hivyo yatupasa kufahamu mambo matatu.

Kwanza, klofazimini huifanya ngozi kuwa ya kahawia au nyeusi zaidi, hasa penye mabaka, na kuwa kavu. Huko si kuzidi kwa ugonjwa, wala si kurogwa. Rangi hurudi polepole, miezi kadhaa baada ya kumaliza dawa. Mafuta ya kupaka husaidia ukavu.

Pili, dapsoni huleta mzio kwa wachache, kwa kawaida katika majuma ya mwanzo: upele unaowasha, homa, ngozi kubabuka au macho kuwa ya manjano. Hapo mgonjwa asimeze dozi nyingine, bali aende hospitali mara moja.

Tatu, mabaka yakivimba ghafla na kuwa mekundu, au mishipa ya fahamu ikiuma, hayo ni mapambano ya mwili dhidi ya vijidudu, si madhara ya dawa. Mgonjwa aendelee na dawa na awahi kituo cha afya, maana kuchelewa huweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Nasi tulio wazima tunao wajibu. Aliyeanza dawa huacha upesi kuambukiza. Weusi wa uso wake ni alama kwamba anatibiwa. Mwinjili Marko anasimulia kwamba Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma, ndipo akatakasika. Basi, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zimtembelee mgonjwa, zimkumbushe dozi, na tumpe mkono wa amani katika Misa bila hofu.