Kamera Haipigi Hodi

Mwenye kufika nyumbani kwa mwenziwe hupiga hodi, kisha akangoja. Ndivyo tulivyoamrishwa katika Surat An-Nur, aya ya 27, na hekima yake yafahamika: jicho lisitangulie mguu. Basi ile kamera iliyotundikwa ukumbini imempigia nani hodi?

Katika mji wa mpakani kama Sirari, mfanyabiashara aliyevuka kwenda Isebania hupenda kuutazama mlango wake katika simu ya mkononi. Hatumlaumu; mali hulindwa. Lakini kamera nyingi za namna hii hupeleka picha kwanza, kwa njia ya intaneti, hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyo nchi ya mbali, ndipo imrudie mwenyewe. Huko nako mna watu wenye macho. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni ya Ring, ikisema kuwa watumishi wake waliweza kutazama picha za faragha za wateja, na kwamba mmoja wao alitazama maelfu ya picha za wanawake, hata za vyumbani mwao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8.

Mwizi naye hahitaji hata kuajiriwa. Mwaka 2016 programu mbovu iitwayo Mirai ilijaribu orodha fupi tu ya maneno ya siri yatokayo kiwandani, nayo ikateka mamia ya maelfu ya kamera na vifaa vinginevyo duniani. Wenyewe walikuwa hawakuyabadili. Ni sawa na mji mzima kufunga milango kwa ufunguo mmoja!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akiisha kuondoka, badili neno la siri siku ile ile, kwani yeye pia alijua. Kamera na ielekee lango, si chumba cha kulala, wala si ua wa jirani ambamo wanawake wanapika na kufua. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019. Ya Tanzania ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini Tume haitapanda ngazi kukugeuzia kamera.

Na ukinunua iliyokwisha kutumika, kwanza ifutwe yote iliyomo, maana huenda simu ya mwenyewe wa zamani ingali ikiipokea picha yake.