Nyuki na Dawa za Shamba Kando ya Mto Tana

Katika nchi ya Garsen na vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, kazi mbili zimekaa jirani tangu zamani. Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe katika ardhi inayonyweshwa na mafuriko ya mto. Tena wapo warina asali, na hasa Wasanye wanajulikana tangu kale kwa kazi hiyo. Siku hizi mkulima hujitwika bomba mgongoni na kupiga dawa ya kuua wadudu. Hapo ndipo kazi hizi mbili hugongana, maana dawa haibagui mdudu mbaya na mwema.

Nyuki hudhurika kwa njia nyingi. Akipatwa na manyunyu ya dawa angali juu ya ua, hufa papo hapo au njiani. Dawa nyingine haimwui upesi. Hushikamana na unga wa maua, naye huupeleka mzingani, ukalishwa majana. Tena zipo dawa za jamii ya neonikotinoidi, ambazo hupenya ndani ya mmea mpaka katika maji matamu ya ua. Nyuki akiyanywa, hata kwa kiasi kidogo, aweza kupotewa na njia ya kurudi kwao. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za jamii hiyo zisitumiwe katika mashamba ya wazi.

Lakini hasara haimpati mwenye mzinga peke yake. Tulitazame tikiti maji. Ua lake la kike na la kiume ni mbalimbali. Hufunguka asubuhi na kufumba siku ile ile. Unga wake hunata, wala upepo hauuchukui. Nyuki asipofika, ua huanguka bila kuzaa. Akifika mara chache, tunda hupinda. Maembe nayo huhitaji nzi na nyuki ili yazae vema. Basi mtu apigaye dawa saa tatu ya asubuhi, maua yakiwa wazi, anawaua vibarua wake mwenyewe wasiodai mshahara.

Ni kweli kwamba pengine dawa haiepukiki. Mwisho wa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, na mwaka 2020 Tana River ilikuwa miongoni mwa sehemu walizofika. Dawa ilinyunyizwa kwa ndege na kwa mabomba, kwa kuwa chakula cha watu na malisho ya mifugo vilikuwa hatarini. Katika shamba la kila siku, hata hivyo, mkulima anayo nafasi ya kuchagua.

Yafaa apige dawa jioni, jua likiisha kutua na nyuki wakiisha kurudi mzingani, wala asiipige juu ya maua yaliyofunguka au wakati wa upepo. Mwenye mizinga aambiwe mapema, apate kuihamisha usiku. Bomba lisioshwe mtoni wala penye madimbwi, kwani nyuki hunywa huko, na watu pia. Tena maandishi ya chupa yasomwe kabla haijafunguliwa. Asiyeyafahamu na amwulize Bwana Shamba.

Mkulima akifuata hayo, jirani yake atarina asali, naye mwenyewe atavuna matikiti yaliyonyooka.